Ndevu za Mrina Asali

Kabla sijaanza, mnivumilie kwa mwandiko. Mkono wangu umezoea mashine ya kunyolea kuliko kalamu, na shule niliishia darasa la saba. Mkikuta nimeweka r mahali pa l, someni tu mtaelewa. Nimeandika polepole, ukurasa mmoja kwa siku, wateja wakipungua. Kuongea mbele ya watu huwa nashindwa, maneno yananikwama, ndiyo maana nimeona bora niandike.

Nataka kueleza habari za mtu mmoja wa kwetu Heru Juu, karibu na Kasulu mjini. Jina lake silitaji. Mwenyewe amenipa ruhusa, ila alisema, "Jina liache. Anayenifahamu atanifahamu kwa nyuki." Kwa hiyo nitamwita Mrina Asali, au Mrina tu, kama watu wanavyomwita.

Mimi ni kinyozi. Nina chumba kimoja chenye kioo, kiti na redio. Mtu ukimnyoa kila Jumamosi kwa miaka saba, unamjua kwa namna ambayo hata ndugu zake hawamjui. Unajua makovu ya kichwani. Unajua siku ambayo hakulala. Unajua pia mambo ambayo hupaswi kuyasema, na mimi kwa kutosema ni hodari sana.

Asali yake haikuwahi kuwa na sukari. Hilo wanalikubali hata wasiompenda. Mnunuzi mmoja alimwambia mbele yangu, "Mzee, ongeza maji kidogo na sukari, ndoo moja inakuwa mbili. Nani atajua?" Mrina akamjibu, "Nitajua mimi." Akachukua ndoo yake akaondoka nayo, na siku ile alirudi nyumbani bila kuuza. Mizinga yake iko msituni, upande wa kwenda Kibondo, siku nzima kwa baiskeli. Hutundika mizinga ya magogo juu ya miti, kama walivyofanya waliomfundisha. Alipopewa na watu wa mradi mizinga ya kisasa ya masanduku, aliipokea kwa heshima, akaifanya mabanda ya kuku.

Nyuki hakuwaogopa. Nimemwona akitoa mkono ndani ya mzinga na nyuki wamemvaa hadi kwenye kiwiko, anaongea nao taratibu kwa Kiha kama mtu anayebembeleza mtoto alale. Lakini sindano aliiogopa. Baadaye alipoanza kuchomwa sindano, ambayo nitaieleza, alikuwa anafumba macho na kumwambia muuguzi, "Mama, niambie kwanza kwenu ni wapi, na mnalima nini." Muuguzi anaanza kutaja mahindi, maharage, mihogo, na kabla hajafika kwenye ndizi sindano imekwisha.

Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila mgongo wake ulikuwa na maneno. Aliuongelea kama mtu anayeishi naye. "Mgongo umekataa," atasema, na safari imekufa hapo. Au, "Nilitaka kuja kanisani, lakini mgongo ukasema leo tubaki." Watu walicheka, yeye hakucheka. Mgongo huo aliuumiza kabla mimi sijaanza kunyoa. Alikuwa juu ya mti anatundika mzinga, kamba ikakatika, akaanguka yeye na mzinga ukamfuata. Alilala hospitali muda mrefu, na alipotoka alipewa vidonge vya tramadoli kwa ajili ya maumivu, vile vya rangi mbili, kijani na njano.

Maumivu yalipungua, vidonge vikabaki. Aliviweka kwenye kichupa cha asali ndani ya mfuko wa shati. Akikaa kwenye kiti changu, kabla sijamfunga kitambaa shingoni, anatoa viwili, anavimeza bila maji. Mwanzo vilikuwa viwili kwa siku. Miaka ilivyokwenda vikawa sita, vikawa nane. Nilidhani ni dawa ya mgongo kama dawa nyingine. Yeye pia alidhani hivyo. Tena alikuwa mkali kwa walevi. Mtu akipita mlangoni pangu anayumba kwa pombe ya ndizi, Mrina anatikisa kichwa na kusema, "Mwanaume mzima kutawaliwa na chupa." Huku kichupa chake kiko mfukoni.

Vikimwishia, alikuwa anaumwa. Jasho, miayo, makamasi, tumbo la kuendesha, na hasira juu ya kila kitu. Alisema ni malaria. Malaria ya Mrina ilikuwa inapona mara tu duka la dawa likifunguliwa.

Sasa ndevu. Nilipoanza kumnyoa, ndevu zake zilikuwa ngumu kiasi kwamba mashine ilikuwa inagoma, nasimama kuisafisha kwa brashi katikati ya kazi. Alizipenda. Alitaka ninyoe mashavu tu, kidevuni niache kidogo, nichonge vizuri. Mwaka wa tatu niliona zinapungua pembeni. Mwaka wa nne zikawa nyepesi kama za kijana anayebalehe. Nikafikiri ni umri, halafu nikakumbuka kuwa umri unaleta mvi, hauondoi ndevu. Mtu mwenyewe hajafika hata miaka hamsini. Mikono nayo ilipungua, na kifua chini ya shati kikawa kimelegea na kujaa mahali ambapo cha mwanaume hakijai. Niliona yote hayo wakati wa kumpangusa, nikanyamaza.

Mwishowe hakukuwa na kitu cha kunyoa. Lakini Jumamosi anakuja, anakaa, anasema, "Nywele na ndevu." Ningemwambiaje? Mtu mzima, rika la baba yangu. Kwa hiyo nilimpaka povu, nikawasha mashine, nikaipitisha juu ya ngozi tupu, kushoto na kulia, nikachonga kidevu ambacho hakina kitu, nikapaka spiriti. Yeye anajitazama kwenye kioo, anageuza shingo, anasema, "Umenyoa vizuri." Tulifanya hivyo zaidi ya mwaka mzima.

Mtu ambaye hawezi kuweka sukari kwenye asali aliweza mambo mengine. Warinaji wa zamani wa kwetu wana mwiko wao. Wakikaribia kurina asali, mwanaume halali na mkewe. Anahamia chumba kingine siku kadhaa, maana wanasema nyuki wanaisikia harufu na watamshambulia. Wengine sasa wameuacha, yeye aliushika. Mwanzoni zilikuwa siku nne au tano, kwa kila msimu. Baadaye zikawa wiki mbili. Baadaye akawa anahama chumba hata wakati wa mvua, ambapo hakuna mtu anayerina chochote. Mkewe akiuliza, anajibu, "Nyuki wa mwaka huu ni wakali."

Mkewe alitoka Mabamba, huko Kibondo mpakani na Burundi. Mrina alimwona sokoni alipopeleka asali, akamuoa akiwa tayari anakunywa vidonge. Ni mwanamke mfupi, mwenye nguvu, anayeongea taratibu na kukutazama usoni mpaka unatafuta pa kuangalia. Miaka sita hakupata mtoto. Mama yake Mrina, bibi ambaye nyumba yake iko uani hapo hapo, hakuwahi kumwita kwa jina wala kumwita mama wa fulani, kwa sababu hakuna huyo fulani. Alimwita Bibi Harusi. "Bibi Harusi, maji yako wapi?" Mwaka wa kwanza ilikuwa heshima. Mwaka wa sita kila mtu uani alisikia ni tusi.

Nyumbani walikuwapo watoto wanne wa marehemu kaka yake Mrina. Baba yao alipofariki, Mrina aliwachukua wote bila kikao. Aliwasomesha, aliwanunulia viatu, aliwapiga walipostahili. Mimi ndiye niliwanyoa. Walimwita baba, na mtu akithubutu kusema "wale wa kaka yako", Mrina anamgeukia: "Kaka yangu yuko kaburini. Hawa wako mezani kwangu."

Naeleza hili kwa sababu ndilo lililoharibu mambo baadaye.

Aliyempeleka hospitali ni mkewe. Siku hiyo walikuwa wanashusha ndoo za asali kwenye baiskeli. Mrina akashika ndoo, ikamshinda. Akashika tena, ikamshinda, akakaa chini akaanza kulia. Mkewe akaibeba ile ndoo kichwani, akaipeleka ndani, akarudi akamwambia, "Vaa shati safi." Akamchukua mpaka Kasulu kwa daktari, mwanamama aliyehamia kutoka mkoa mwingine. Mkewe alibaki nje kwenye benchi. Mrina alitaka hivyo.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi na mimi nilikuwa kazini. Kwenye kiti yuko muuza mitumba mmoja, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mtu wa utani sana. Kwenye benchi kijana wa bodaboda anasubiri zamu yake. Simu ikaita, mikono yangu ina povu, nikabonyeza sauti kubwa.

"Kinyozi," ni Mrina, "hebu ongea na daktari. Anauliza mambo yako."

Sauti ya mwanamke ikaja. "Habari za kazi, kijana. Nina mzee hapa, nimemuuliza ndevu ananyoa mara ngapi, anasema wewe ndiye unayejua."

"Kila Jumamosi," nikasema.

"Na kila Jumamosi unakuta zimeota?"

Nikapangusa povu mikononi. Kijana wa bodaboda akapunguza redio bila kuombwa.

"Kijana, upo?"

"Nipo."

"Jibu lako ni muhimu kwa matibabu yake. Zinaota?"

Nikatazama kioo, nikamwona Mkongo ananitazama kwa macho makubwa. Nikasema, "Daktari, hakuna ndevu. Mwaka na zaidi napitisha mashine juu ya ngozi tu."

Halafu sauti ya Mrina, mbali kidogo na simu. "Juu ya ngozi tu?"

"Ndiyo, mzee. Nisamehe."

Kisha akasema, "Nilijua. Mashine ikikata huwa ina mlio."

Daktari akashukuru, akakata simu. Mkongo akageuka kwenye kiti, povu usoni. "Ee papa! Kumbe unanyoaka mutu hana ndevu! Na mimi leo unakata kweli, ama unanipitishia upepo?" Kijana wa bodaboda alicheka mpaka akatoka nje. Mimi sikucheka. Nilimaliza kazi, nikafunga mapema.

Jumamosi mbili Mrina hakuja, ya tatu akaja. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Alikaa akasema, "Nywele tu." Halafu, nikiwa nimeshika mashine nyuma ya kichwa chake ambapo hatuwezi kuonana uso, akanieleza kila kitu, taratibu, kama anamweleza mtu mwingine habari za mtu mwingine.

Daktari alimwambia kuwa kuna sehemu kichwani, ndani kabisa, inayotuma ujumbe chini kwenye korodani zitengeneze homoni ya kiume. Homoni hiyo ndiyo inayoleta ndevu, nguvu za mikono, hamu ya kulala na mke, hata furaha. Vidonge vya aina ile ukivinywa miaka mingi vinanyamazisha ule ujumbe. Korodani zinabaki zinasubiri, hakuna anayeziambia kitu. Damu yake ilichukuliwa asubuhi, mara mbili kwa siku tofauti, ikapelekwa hospitali kubwa, na homoni ikakutwa chini sana. Akaambiwa aanze kupunguza vidonge kidogo kidogo, asiache ghafla. Na kwa kuwa hali yake ilikuwa mbaya, anaweza kuchomwa sindano ya homoni hiyo, kila baada ya wiki tatu.

"Kwa hiyo siyo uchawi?" nilimuuliza.

"Mimi sikusema ni uchawi."

"Watu walisema."

"Watu walisema mke wangu," alijibu. "Hawakusema mimi."

Kabla ya sindano ya kwanza, daktari alimuuliza swali moja la mwisho. "Mzee, bado mnatafuta mtoto?" Mrina akajibu, "Tunao wanne. Wanatosha." Aliponieleza hivyo sikuona kosa lolote. Kwa kwetu ni jibu sahihi. Ukisema huna mtoto wakati wanne wanakula kwako, umewakana, na umemkana marehemu. Daktari aliandika, akafunga faili.

Sindano zilimfaa. Hilo lazima niseme, maana wengine wanadhani ni uongo. Baada ya miezi michache alikuwa anabeba ndoo mbili. Aliacha kulala mchana. Alicheka. Vidonge vilishuka kutoka nane hadi vitano. Na Jumamosi moja nilipitisha mashine shavuni nikasikia mlio. Tulisikia wote wawili. Hakuna aliyesema kitu, ila nilipomaliza alikaa mbele ya kioo muda mrefu, na mteja aliyefuata akamwambia, "Mzee, kiti siyo cha urithi." Nyumbani pia aliacha kuhama chumba. Sikumuuliza. Alinieleza tu kuwa nyuki wa mwaka huu ni wapole.

Sindano ya tano mkewe alikwenda naye na safari hii aliingia ndani. Aliketi, akasubiri muuguzi amalize, kisha akauliza, "Daktari, mzee amepona, tunashukuru. Mtoto tutapata lini?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Mtoto? Aliniambia mnao wanne, wanatosha."

Mke akamtazama mumewe. Mrina akatazama miguu yake.

Basi daktari akaeleza upya. Sindano inampa mwili homoni kutoka nje. Kichwa kikiona homoni imejaa, kinaacha kabisa kutuma ule ujumbe, na bila ujumbe mbegu hazitengenezwi. Anakuwa na nguvu zote za mwanaume, lakini mbegu hana. Angejua wanatafuta mtoto asingeanza na sindano. Njia yao ni nyingine: waache sindano, vidonge viendelee kupunguzwa mpaka viishe, halafu wasubiri mwili uamke wenyewe. Unaweza kuchukua miezi mingi. Wengine wanarudi, wengine hawarudi vizuri. Nguvu zitapungua tena kwa muda, ndevu pia. "Na mama," alimwambia mke, akisoma karatasi za vipimo alizokuja nazo, "vipimo vyako viko sawa. Wewe huna tatizo."

Mrina aliomba afikirie. Alifikiria miezi miwili, na sindano akaendelea kuchomwa. Hapo ndipo simsifu, na yeye anajua simsifu. Alikuwa amepata ndevu zake.

Ndani ya miezi hiyo mama yake aliitisha kikao cha ukoo. Walikuja wajomba kutoka Munanila, wakaketi uani. Hoja ilikuwa moja: mwanamke huyu hazai, Mrina sasa ana afya, atafutiwe mwingine, huyu arudishwe Mabamba kwa heshima. Mke alikuwa jikoni anapika chakula cha wageni na anasikia kila neno. Alisubiri mumewe aseme. Mume alikuwa na maneno manne tu ya kusema, ni mimi, siyo yeye. Mrina alisimama, akashika kiuno, akasema, "Mgongo umeanza," akaingia ndani akalala.

Asubuhi mke aliamka, akafagia ua, akawapa watoto uji, akaondoka na mfuko mmoja. Jirani alimuuliza, "Wamekurudisha?" Akajibu, "Hakuna aliyenirudisha. Nina miguu."

Mrina alikaa wiki tatu bila kuja kunyoa. Alipokuja hakukaa kwenye kiti. Alisimama mlangoni. Sindano alikuwa ameacha, tarehe ilikuwa imepita. Akasema, "Twende Mabamba."

"Mimi?"

"Kwetu mtu haendi kwa wakwe peke yake kusema jambo zito. Anakwenda na msemaji. Nimewaendea wazee wawili. Wa kwanza amesema atawaambia kuwa ni mambo ya nyumba, yasahaulike. Wa pili amesema aibu ya mwanaume haisemwi kwa wakwe, tuseme mke ana jini. Wewe, daktari alikuuliza, ukasema."

"Nilisema kwa sababu nilishikwa."

"Hata huko utashikwa," alisema.

Tulipanda basi mpaka Kibondo, kisha bodaboda mbili mpaka Mabamba. Njiani nilikuwa narudia maneno moyoni. Tulifika mchana. Baba mkwe ni mzee mrefu, mkavu, sikio moja halisikii. Tulipewa viti. Mke alikuwa upande wa jiko anachambua maharage, hakusimama. Tukasalimiana kwa muda mrefu, mvua, mihogo, mpaka, bei za mafuta ya mawese. Kisha mzee akasema, "Ego. Msemaji aseme." Kwetu ego ni ndiyo.

Nilisimama. Maneno yote niliyoyapanga yakaondoka. Nikasema, "Baba, mwenye tatizo ni huyu. Binti yenu ni mzima."

Mzee akaweka mkono kwenye sikio zima. "Nani?"

"Huyu!" nikapiga kelele. Nadhani walisikia hadi Burundi.

"Umejuaje? Wewe ni daktari?"

"Mimi ni kinyozi."

Shemeji zake Mrina waliokuwa wamekaa ukutani waliangua kicheko. Mmoja akasema, "Heru Juu wametuletea kinyozi, mara nyingine watatuletea fundi baiskeli." Nikakaa.

Ndipo Mrina akasimama mwenyewe. Hakushika mgongo. Alisema alianguka kutoka mtini, akanywa vidonge zaidi ya miaka saba, vikaua uzazi wake. Alisema alimdanganya mkewe kwa habari za nyuki. Alisema alimwambia daktari kuwa hatafuti mtoto. Alisema kwenye kikao alikimbia. Alisema yote hayo kwa sauti kubwa kwa ajili ya sikio la mzee, kwa hiyo na majirani walisikia. Kicheko kiliisha zamani.

Mzee akamgeukia binti yake. "Umesikia?"

"Mimi nilijua siku nyingi," alijibu, vidole viko kwenye maharage. Kisha akamtazama mumewe. "Mama yako umemwambia?"

"Bado."

"Umekuja kusema huku ambako watu wanakupenda kwa asali. Rudi ukaseme kule ambako nilitukanwa. Akishajua, yeye ndiye aje anichukue. Siyo wewe."

Akatuletea chakula, tukala, tukarudi.

Mara ya mwisho nitakayoieleza ni ya siku sita baadaye. Ilikuwa asubuhi, nafungua mlango, nikamwona Mrina anakuja na mama yake. Bibi amevaa viatu vya kanisani na kitenge kipya. Waliingia. Bibi akakaa kwenye kiti cha kunyolea, miguu haifiki chini, akanitazama kupitia kioo.

"Kinyozi, mwanangu ananiambia mambo. Wewe usinifiche. Ni kweli?"

"Ni kweli, bibi."

"Tangu lini?"

"Vidonge alianza kabla hajaoa."

Redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo, nikaizima. Bibi akasema, siyo kwangu wala kwa mwanawe, "Nilimchemshia mkewe mizizi. Kila mwezi. Ilikuwa michungu, alikuwa anatapika, namwambia kunywa tena. Mtoto wa watu hana ugonjwa, namnywesha dawa." Kisha akashuka kwenye kiti, akatengeneza kitenge. "Basi linaondoka saa ngapi?"

Nikaona hawana mzigo wowote. Kwetu huwezi kwenda ukweni mikono mitupu, na hawa ni watu wa asali. Nikamuuliza Mrina taratibu, "Hamjabeba hata kidumu?"

"Mama amekataa," alisema. "Amesema hatuendi kutembea. Tunakwenda kuomba, na anayeomba aonekane mikono yake."

Walirudi watatu. Hilo ndilo ninalolijua kwa hakika. Sasa vidonge viko viwili kwa siku, sindano hakuna. Daktari amesema wasubiri, vipimo vya mbegu vitachukuliwa baadaye. Siku nyingine Mrina analala mchana tena, na mke anabeba ndoo, na bibi hasemi kitu.

Kuna jambo moja ambalo hapa hakuna wa kutujibu, na Mrina ameniomba niliulize kwenu mtakaosoma. Kama yupo kati yenu mwanaume aliyekunywa vidonge hivi miaka mingi, akaacha, akaacha na sindano, je, mwili uliamka? Ulichukua muda gani? Na kama haukuamka, mlikaaje na mkeo? Niandikieni, hata kwa mistari miwili. Jina msiweke kama hamtaki. Barua nitamsomea yeye na mkewe pamoja, mkewe ndiye aliyesema iwe hivyo.